Ngege kwenye kioo: jinsi watu walivyojifunza kuwazalisha samaki wetu

Wiki hii sitaandika kuhusu Java wala hifadhidata, naomba mnivumilie. Wengi wanaopita ofisini kwangu hapa Isiolo huuliza kwanza kuhusu lile tangi la kioo lililo kando ya kompyuta, halafu ndipo wanakumbuka kwamba walileta kompyuta yao itengenezwe. Na swali ni lile lile: unafanyaje mpaka wanazaa? Jibu fupi ni kwamba sifanyi mengi, wanajizalia. Jibu refu ni historia ya zaidi ya miaka mia moja, na sehemu kubwa ya historia hiyo imetokea kwenye maji ya Afrika Mashariki, ingawa walioiandika wengi wao walikuwa wageni.

Kwanza tuelewane tunazungumzia samaki gani. Wanasayansi huwaita sikilidi. Wewe unawajua kwa majina mengine: ngege kwa watu wa Kisumu, sato kwa watu wa Mwanza, perege kwa sehemu nyingine za Tanzania. Wale wadogo wadogo wa Ziwa Victoria wenye rangi nyingi, ambao Wajaluo huwaita fulu na Wasukuma furu, nao ni wa jamii hiyo hiyo. Ziwa Victoria peke yake lilikuwa na aina kama 500 za hawa furu, Ziwa Malawi lina zaidi ya hapo, na Tanganyika lina zaidi ya 200. Hakuna jamii nyingine ya samaki iliyogawanyika namna hii kwa haraka namna hii, ndiyo sababu maprofesa wa Ulaya na Marekani hawaishi kuja huku na nyavu zao.

Na kabla hamjasema kwamba Isiolo haina ziwa, hebu subirini. Mto Ewaso Ng'iro unapita hapa kwetu ukielekea kinamasi cha Lorian, na kwenye hifadhi ya Buffalo Springs kuna chemchemi zenye maji maangavu ambamo unaona samaki bila shida yoyote. (Waongoza watalii husimulia kwamba lile dimbwi la kuogelea lilichimbwa na bomu la ndege ya Mwitaliano wakati wa vita vya pili. Inawezekana, hadithi ni nzuri kwa hali yoyote.) Katika maji hayo anaishi ngege ambaye jina lake la kitaalamu ni Oreochromis spilurus percivali. Aliandikwa mwaka 1912 na George Boulenger wa jumba la makumbusho la Uingereza kule London, na jina la mwisho ni la Blayney Percival, aliyekuwa afisa wa wanyamapori wa serikali ya kikoloni. Kwa hiyo mji wetu huu wa vumbi na ngamia una samaki wake mwenye jina lake kwenye vitabu. Mkumbukeni, nitamrudia.

Sasa turudi kwenye kuzaa. Ngege wa kundi hili huatamia mayai mdomoni. Dume huchimba shimo la mviringo kwenye mchanga, hujipaka rangi zake zote, halafu husimama juu ya shimo kama mwenye duka anayesubiri wateja. Jike akipendezwa huingia, hutaga, na papo hapo huyaokota mayai na kuyaweka mdomoni. Kisha huondoka nayo peke yake. Dume hubaki shimoni kusubiri jike mwingine. Malezi si kazi yake. Jike hakai na dume, hali chakula cha maana kwa siku kadhaa, na vifaranga wakishatoka huendelea kukimbilia mdomoni mwa mama kila wanapoona hatari.

Watu wa Ulaya waliwahi kulishuhudia jambo hili sebuleni mwao mapema kuliko mnavyodhani. Mwanzoni kabisa mwa karne ya 20 Wajerumani waliletewa samaki mdogo kutoka Misri, asiyezidi urefu wa kidole, na mwaka 1903 akapewa jina la multicolor, yaani mwenye rangi nyingi. Huyu ndiye aliyewafundisha wafugaji wa nyumbani kwamba samaki anaweza kulea. Hebu fikiria, mtu ana tangi la lita 40 karibu na jiko la makaa kule Berlin, anaona jike amevimba koo na hataki kula, anadhani anaumwa, na baada ya siku kama 10 hivi vifaranga wanatoka mdomoni. Ndugu wa karibu wa samaki huyo wako hapa hapa, kwenye vinamasi vya bonde la Ziwa Victoria, na watoto huwavua kwa vyandarua bila kujua kwamba babu zao walikuwa nyota wa Berlin.

Lakini kuona si kuelewa. Kazi ya kwanza kubwa ya kuandika hatua kwa hatua jinsi sikilidi wanavyochumbiana ilifanywa na Waholanzi wawili, mume na mke, Gerard Baerends na Josina Baerends-van Roon, na ikachapishwa mwaka 1950. Walikaa mbele ya matangi na kuandika kila kitu: pezi limesimama lini, rangi imebadilika lini, nani ametikisa mkia, nani amejibu. Ukiisoma kazi hiyo kwa macho ya mtengeneza programu unaona wazi kabisa ni mchoro wa hali na mabadiliko ya hali. Dume yuko katika hali A, akipata ishara fulani anaingia hali B, asipopata anarudi. Jike naye hivyo hivyo, na kila mmoja ni ishara kwa mwenzake. Mfugaji anayelalamika kwamba samaki wake hawazai mara nyingi ana mnyororo uliokatika mahali fulani katikati: hakuna mchanga wa kuchimba, au jike hana mahali pa kujificha, au kuna dume mwingine mkubwa anayekatiza mazungumzo kila wakati.

Wakati huo huo huku kwetu kulikuwa na kazi nyingine, na hii mimi naithamini zaidi kwa sababu ilifanywa majini penyewe. Rosemary Lowe, Mwingereza, alifika Ziwa Nyasa mwaka 1945 kuchunguza ngege wa pale, wanaoitwa chambo. Wavuvi walijua kwamba chambo si mmoja. Yeye akathibitisha kwa kuangalia nani anazaa wapi, msimu gani, na dume ana rangi gani wakati wa kuzaa. Samaki ambao wamekufa ndani ya chupa ya spiriti walionekana sawa. Wakiwa hai kwenye mashimo yao walikuwa tofauti kabisa. Mwaka 1948 akajiunga na shirika la utafiti wa uvuvi la Afrika Mashariki pale Jinja, Uganda, akaendelea na kazi hiyo kwenye Ziwa Victoria. Mwaka 1953 aliolewa na Richard McConnell, mtaalamu wa miamba, na kwa kanuni za utumishi wa kikoloni mwanamke akiolewa kazi imekwisha. Ikabidi ajiuzulu. Aliendelea kufanya utafiti maisha yake yote bila cheo hicho, akafariki mwaka 2014.

Aliyeyapanga majina yote haya alikuwa mwanamke mwingine, Ethel Trewavas wa lile jumba la London. Alizaliwa mwaka 1900, na kitabu chake kikubwa kuhusu ngege kilitoka mwaka 1983, hesabu mwenyewe alikuwa na umri gani. Alichofanya ni kuwagawanya ngege kwa jinsi wanavyolea. Wanaotaga juu ya jiwe na kulinda, dume na jike pamoja, wakabaki na jina la zamani la Tilapia. Ambao jike ndiye anayeatamia mdomoni wakawa Oreochromis. Kundi la katikati, ambamo dume naye anaweza kuatamia, likawa Sarotherodon. Yaani tabia ya kuzaa ndiyo ikawa darasa la juu, na mengine yote yakarithi kutoka hapo! Ninyi mnaoandika programu mnajua ugumu wa kubadilisha mpangilio wa madarasa baada ya watu elfu kuutumia. Ndiyo maana hadi leo kwenye mahoteli na kwenye makaratasi ya serikali wote ni tilapia tu.

Kwa mfugaji wa nyumbani mgawanyo huo si mambo ya vitabu tu. Ukinunua samaki wanaolea wawili wawili, usinunue dume mmoja na jike mmoja halafu utegemee ndoa. Nunua wadogo sita au wanane, waache wakue pamoja, wachaguane wenyewe, halafu uwaondoe waliobaki kabla hawajauawa. Ukinunua wa kuatamia mdomoni, mambo ni kinyume: dume mmoja na majike watatu, wanne au zaidi, ili hasira ya dume igawanyike. Ukichanganya kanuni hizi mbili utaokota maiti asubuhi.

Mwaka 1962 Mjerumani Wolfgang Wickler alieleza jambo ambalo bado linanishangaza. Furu wengi madume wana madoa ya mviringo ya njano au ya machungwa kwenye pezi la chini karibu na mkia. Jike anapotaga huyaokota mayai haraka sana, hata kabla dume hajayarutubisha. Sasa yatarutubishwaje? Dume hulaza pezi lake mbele ya jike, jike huyaona yale madoa kama mayai yaliyosahaulika, hujaribu kuyaokota, na hapo mdomo wake unapokea mbegu za dume. Wickler alisema madoa ni mayai ya bandia. Watafiti waliokuja baadaye wamebishana naye kuhusu ni kiasi gani madoa hayo yanahitajika kwa kila aina, na mabishano yana haki yake, lakini tendo lenyewe utaliona kwa macho yako ukikaa mbele ya tangi dakika 20 bila kushika simu.

Aliyetumika sana katika tafiti hizi ni samaki wa Ziwa Tanganyika na mito yake, Astatotilapia burtoni, na ndiye aliyetupa jibu la swali jingine la wafugaji: kwa nini nina madume watano na mmoja tu ndiye mwenye rangi? Russell Fernald wa Chuo Kikuu cha Stanford alimfuatilia samaki huyu kwa miaka mingi. Dume asiye na eneo lake hufifia, hufanana na jike, na mwili wake huacha kujiandaa kuzaa. Mwondoe mkubwa, na mdogo huanza kubadilika rangi na tabia ndani ya dakika chache. Kazi ya mwaka 2005 ya kundi hilo ilionyesha kwamba hata jeni fulani ndani ya ubongo wake huamka papo hapo. Basi ukitaka kumpa dume wa pili nafasi, usimpe dawa wala chakula maalum. Weka jiwe kubwa katikati ili asimwone bwana mkubwa.

Wakati watu wa matangi wanatafuta namna ya kuwazalisha, watu wa mabwawa walikuwa wanatafuta namna ya kuwazuia. Kenya ilianza majaribio ya kufuga ngege mwaka 1924, na kituo cha Sagana kikaanzishwa mwaka 1948. Shida ikawa moja kila mahali: ngege anazaa mno. Unaweka samaki 100, baada ya miezi michache una maelfu wa ukubwa wa kiberiti. Suluhisho moja lilipatikana mbali, Malacca, na viungo vyake vilitoka kwetu. Kulikuwa na ngege waliopatikana kisiwani Java miaka ya 1930 (Java niliyoitaja mwanzo ni lugha, hii ni kisiwa), ambao asili yao ni pwani ya kusini mashariki ya Afrika, na hakuna aliyeeleza vizuri walifikaje huko. Kisha wakaletwa ngege wengine kutoka Zanzibar, ambao nao asili yao ni mto Wami wa Tanzania bara. Mwaka 1960 C. F. Hickling alichapisha matokeo: jike wa Java akikutanishwa na dume wa Zanzibar, watoto wote ni madume. Bwawa la madume watupu halijai vifaranga. Kumbe wale wa Zanzibar walikuwa aina nyingine kabisa. Trewavas akawapa jina lao, hornorum, mwaka 1966.

Angalieni vizuri kilichotokea hapo. Aina mbili tofauti zilikutana na zikazaana bila kusita. Kwa mfugaji wa mabwawa hiyo ni neema. Kwa mto ni balaa, na tuna mfano wetu wenyewe. Mwaka 1925 ngege wa mto Athi, ndugu wa huyu wa Isiolo, aliwekwa Ziwa Naivasha. Mwaka 1956 wakaletwa wengine, na kati yao alikuwamo leucostictus. Walizaana wao kwa wao, ziwa likajaa chotara, na kufika mwanzoni mwa miaka ya 1970 yule wa Athi hakuonekana tena pale. Hakuvuliwa akaisha. Aliyeyuka ndani ya mwenzake.

Ziwa Victoria lina hadithi yake kubwa zaidi. Mbuta, ndiye sangara, aliingizwa miaka ya 1950 na 1960, na miaka ya 1980 akalipuka na kuwamaliza furu wengi. Hilo wengi mnalijua. Sehemu isiyojulikana sana ilitoka kwenye matangi. Timu ya Waholanzi kutoka Leiden ilikuwa Mwanza tangu mwaka 1977 ikihesabu furu, na baadhi ya samaki walipelekwa Uholanzi wakiwa hai. Ole Seehausen na wenzake walichukua aina mbili za majabalini, dume wa moja ni wa buluu na wa nyingine ni mwekundu. Chini ya mwanga mweupe, jike alimchagua dume wa aina yake. Wakabadilisha taa, wakaweka mwanga wa machungwa ambao unaficha tofauti ya rangi, na jike akaanza kuchagua ovyo. Kazi hiyo ilitoka kwenye jarida la Science mwaka 1997. Maana yake ni kwamba ziwa likichafuka kwa mbolea na majitaka, mwani ukaongezeka na mwanga ukabadilika, aina zinaweza kupotea bila sangara kumgusa hata mmoja, kwa sababu jike haoni tena anayemwoa ni nani. Yule mwekundu, kwa taarifa yenu, anaitwa Pundamilia nyererei, jina alilopewa mwaka 1985 kwa heshima ya Mwalimu Nyerere. Mwaka 2014 alikuwa mmoja wa sikilidi watano wa Afrika ambao jenomu zao zilichapishwa pamoja kwenye jarida la Nature, kwa hiyo msimbo wake wote unaweza kuupakua na kuusoma kwa programu za bure.

Niliposoma habari ile ya mwanga nilibadilisha taa ya tangi langu siku hiyo hiyo. Ile ya zamani ilikuwa ya rangi ya zambarau, inapendeza machoni pa binadamu. Wekeni taa nyeupe ya kawaida, saa 10 hadi 12 kwa siku, na maji yawe maangavu.

Kuhusu maji, sisi wa Isiolo tuna bahati ambayo mfugaji wa London analipia. Sikilidi wa Tanganyika wanataka maji magumu yenye pH karibu na 9, na mzungu hununua chumvi za pakiti ili kuyafikia. Maji ya visima vyetu vingi tayari ni magumu. Nenda na kipimo cha pH upime ya kwenu kabla ya kununua kitu. Joto letu pia linatosha, nyuzi 25 hadi 28 ndizo wanazotaka, na mara nyingi tatizo ni kupoza mchana. Wa Tanganyika walianza kusafirishwa kwa wingi kupitia Bujumbura, na Mbelgiji Pierre Brichard ndiye aliyefanya kazi hiyo kwa muda mrefu, akatoa kitabu chake mwaka 1978. Yupo mmoja mwenye jina lake, brichardi, ambaye watoto wakubwa hubaki nyumbani kuwalinda wadogo zao, kama mtaa wowote wa hapa Bulla Pesa. Wapo pia wanaozaa ndani ya magamba ya konokono. Hao hawahitaji tangi kubwa, lita 60 zinatosha, na makombe matupu ni bure.

Stima ikipotea, na hapa hupotea, kinachoua kwanza ni kukosa hewa, si joto. Pampu ndogo ya betri inatosha usiku mzima. Ukitaka kuwachochea kutaga, badilisha theluthi moja ya maji kwa maji mapya yaliyokaa usiku kucha na yaliyo baridi kidogo, kwa sababu kwao maji mapya ni habari ya mvua.

Sasa yule wa Buffalo Springs. Najua kuna mtu ameshawaza kuchukua ndoo. Chemchemi ziko ndani ya hifadhi ya taifa, kuvua mle bila kibali ni kosa, kwa hiyo hapana. Ila hatari yake kubwa haitoki kwenye ndoo zetu, inatoka upande wa pili. Tangu mpango wa serikali wa mwaka 2009, ambao ulilenga kuchimba mabwawa 200 katika kila jimbo kati ya majimbo 140, vifaranga vya ngege wa mto Nile vimesambaa nchini kote, na Ewaso Ng'iro unaanzia huko huko juu, Mlima Kenya na Aberdare, kwenye mashamba na mabwawa. Ngege wa Nile ni Oreochromis kama huyu wetu. Bwawa moja likivunja kingo wakati wa masika, maji yanateremka huku. Madume wa Nile ni wakubwa, huchimba mashimo mapana, na jike katika maji ya tope la mafuriko hataulizia ukoo.

Kwa hiyo vifaranga wa ziada, na watakuwepo, niletee mimi, mpe jirani mwenye tangi, au mpe paka. Wiki ijayo nitaweka ile programu ndogo ya kurekodi joto la maji kila dakika 5, pamoja na mchoro wa nyaya. Kihisi chenyewe ni cha bei nafuu, ila hakikisheni mmenunua kile kilichofunikwa kisiingie maji.